Maji ya Darini

Makambako, Jumanne, 9 Julai 1996

Tumaini mwanangu,

Maji yanatoka kweli. Leo fundi bomba alishika kitambaa kinachowaka chini ya dari, chumba namba tatu cha gesti ya baba yako. Kichupa kidogo cha kioo kwenye bomba la darini kikapasuka, maji yakamwagika, kitanda kizima kikalowa. Vibarua wakapiga makofi.

Baba yako alicheka. "Mama Tumaini, umeona? Hata shuka halijaungua!"

Wahandisi wa barabara walisema hawapangi bila mabomba hayo ya kuzima moto, basi ameyaweka vyumba vyote kumi. Mwaka juzi fundi huyuhuyu alimshauri ayaweke kwenye nyumba yetu ya mbao kule Mahongole. Baba yako alisema ni ghali, bei yake inatosha mabati ya gesti. Mimi nilikuwa namimina chai, nikaendelea kumimina. Julai iliyofuata, kwa baridi ile, moto wa jiko la mkaa ukashika pazia la chumba chako.

Leo nimemuuliza, "Na kule nyumbani je?"

Akajibu mbele ya vibarua, "Kule nani angelipa kodi? Wewe?"

Wakacheka. Kisha akanituma nikakamue godoro.

Nimelikamua. Nikakumbuka kikombe chako cha bati, ulichokijaza maji kila jioni na kukiweka kando ya kitanda, ukisema kiu haipigi hodi. Tulikikuta kando yako kwenye majivu, kimekauka.

Wageni wanaingia Jumatatu. Nitawatandikia.

Unikumbuke, mwanangu, ingawa siku ile nilimimina chai tu.