Nimemwandikia “Kazi Yake Inaridhisha”, Sasa Hataki Tena Chuo cha Marekani

Mpendwa mshauri,

Naomba kwanza uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Mara ya mwisho nilikuandikia kuhusu alama za mkato, ambazo wakati ule zilimwagwa katika safu yako kama chumvi na mpishi mwenye mafua, na ulipozirekebisha niliona sina tena sababu ya kukusumbua. Leo siandiki kukosoa. Naomba msaada, na neno hilo sijalizoea.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilistaafu, shule ikakosa mtu wa kushika nafasi yangu, ikaniita tena kwa mkataba. Katika darasa la mwisho nina binti mmoja, mtoto wa jirani yangu fundi cherehani, anayeomba nafasi ya shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha Marekani kwa ufadhili kamili, maana bila ufadhili mama yake hata ashone mchana na usiku hawezi kumfikisha uwanja wa ndege. Mimi nilidhani kuomba chuo ni kupeleka matokeo ya mtihani na kungoja jibu, kama tulivyofanya sisi, kumbe wenzetu wa huko wana mambo yao, wanataka matokeo, wanataka na mtihani wao wa ziada, wanataka insha ambayo mtoto anasimulia maisha yake kama mzee anayeandika wosia, wanataka kujua anafanya nini akitoka shule, kana kwamba kuosha vyombo hakutoshi, na juu ya yote hayo wanataka mwalimu wake aandike barua ya kumpendekeza, barua ambayo mtoto mwenyewe amekubali kwa maandishi kwamba hatadai kuisoma.

Shughuli hii inasimamiwa na mwalimu kijana wa kompyuta ambaye wanafunzi humwita Bwana Mtandao. Huyu ana imani kwamba Mmarekani hampi mtu ufadhili mpaka alie kwanza. Akamshauri binti aandike katika insha yake kwamba kila asubuhi huvuka mto wenye mamba ili afike shuleni. Mama yake alipoisikia alikuja shuleni na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni.

“Mto gani?” alimuuliza. “Shule iko nyuma ya nyumba yangu! Mwanangu akichelewa namrushia kiatu, kinafika darasani kabla yake.”

“Mama, ni mto wa mfano tu,” akasema Bwana Mtandao.

“Na mamba?”

“Nao wa mfano.”

“Basi waambie na mama yake ni wa mfano, maana mama halisi hawezi kukaa kimya mtoto wake akiliwa.”

Nilicheka, mshauri, nikajiona mimi ndiye mkweli peke yangu katika jengo zima. Kicheko hicho hakikudumu, kwa sababu zamu yangu ya kuandika ilifika, nikaandika kama nilivyofunzwa, kwa ufupi na bila mapambo: “Mwanafunzi huyu yuko darasani kwangu. Mahudhurio yake ni mazuri. Kazi yake inaridhisha. Sina pingamizi akipewa nafasi.” Pamoja na barua palikuwa na jedwali la kutia alama, linalouliza kama mwanafunzi huyu ni wa wastani, mzuri, mzuri sana, bora, au mmoja kati ya wachache walio bora kupita wote katika maisha yangu ya kazi, nami nikatia alama kwenye “mzuri” kuanzia juu mpaka chini, isipokuwa palipoulizwa kuhusu kujiamini, ambapo niliandika kwa mkono “si haba”.

Ujue kwamba mimi sijapata kumwandikia mwanafunzi yeyote maneno makubwa kuliko hayo. Kwangu kumi ni ya Mwenyezi Mungu, tisa ni ya mwalimu, na mwanafunzi akijitahidi sana hupata nane. Huyu binti nilimpa nane na nusu, na hiyo nusu ilinisumbua wiki nzima. Mkuu wa shule yangu aliponiandikia mimi “anaridhisha”, marehemu baba aliitia karatasi ile katika fremu, na mpaka leo iko ukutani sebuleni, wageni wanaisoma.

Bwana Mtandao aliisoma barua yangu kwa sauti katika chumba cha walimu. “Mzee wangu,” akasema, huku anajifuta machozi ya kicheko, “hii ni barua ya kumpendekeza au ya kumfukuza? Huko mtu akiandikiwa ‘anaridhisha’ wanajua ni mwizi, ila ushahidi haujapatikana. Andika kwamba ni nyota! Andika kwamba hujapata kuona akili kama hiyo tangu uzaliwe!”

Nikamjibu kwamba sikuajiriwa kuandika mashairi ya harusi. Walimu wakacheka upya, na hapo ndipo tulipomwona binti mwenyewe mlangoni, amebeba madaftari ya darasa niliyomtuma. Aliyaweka mezani kwangu, akasema, “Asante, Mwalimu,” akaondoka. Jioni ile alimwambia mama yake kwamba haombi tena chuo, kwa sababu ikiwa mwalimu aliyemfundisha muda wote huu anamwona hivyo, hao wasiomjua watamwona vipi.

Mama yake hakungoja kuche. Nilimkuta ukumbini kwangu, mke wangu kamkaribisha kiti naye kakikataa.

“Mwalimu, mwanangu amekukosea nini?”

“Hajanikosea lolote, jirani.”

“Basi mbona umemnadi kama nguo ya mtumba? ‘Si mbaya, ina tundu dogo, vaa tu.’ Hivi unajua huyu mtoto akikohoa anauliza kama na wewe unakohoa hivyo hivyo?”

Nikamsogezea kile kiti tena. Mke wangu alikuwa na jibu, lakini alilitoa mgeni alipoondoka, nami sitaliandika hapa.

Sasa nikueleze ukweli ambao sijamweleza mtu. Binti huyu ana akili ambayo sijaikuta kwa mwanafunzi mwingine. Siku moja alinijia baada ya kipindi, akasimama kwa adabu, akasema, “Samahani, Mwalimu, huenda nimekosea, lakini nadhani kitabu kimekosea zaidi.” Nilimwambia aende nyumbani, nikakaa na swali alilonionyesha mpaka chai yangu ikapoa, na kweli jibu lililochapwa nyuma ya kitabu halikuwa sahihi, na nimelifundisha hivyo kwa vizazi. Kesho yake nikalitangazia darasa kwamba kitabu kina kosa na walisahihishe. Tena wenzake wasionielewa mimi humwelewa yeye, nami huwaona wamemzunguka kwenye ngazi za maabara nikajifanya sikuona.

Lakini sifa humharibu mtoto, ndivyo nilivyolelewa, na uongo humharibu mtu mzima. Bwana Mtandao bado hajaituma barua ile, anasema mwisho ni Ijumaa, na ananishikilia niandike nyingine yenye nyota na mbingu. Je, ni halali mwalimu aseme uongo kwa ajili ya mwanafunzi, au nishikilie nilichoandika ingawa binti atakosa safari kwa ajili yangu?

Wako,
Mwalimu Mkweli


JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Nimekusalimu kwanza kwa sababu nitakugombeza, na sitaki mtu aseme sikufunzwa adabu. Asante pia kwa kumbukumbu za alama za mkato. Sentensi yako kuhusu mambo ya Wamarekani nimeisoma kwa vituo, kama apandaye ghorofa ya juu na mzigo kichwani.

Umeuliza kama ni halali kusema uongo kwa ajili ya mtoto. Si halali. Mto ule ukauke leo, na mamba wake warudi kwao. Mama ana haki ya kutofanywa wa mfano. Tena uongo huo ni wa kijinga, maana binti akiulizwa swali moja tu kuhusu mamba atababaika. Aandike upya, kwa kichwa chake, habari za maisha yaliyomo nyumbani mwake, na kama ni kiatu kinachofika darasani kabla ya mwenyewe, na kiwe kiatu. Wewe na kalamu yako nyekundu kaeni mbali na insha hiyo. Ukimsahihishia kila mstari, huko watamkubali mzee mstaafu, na ufadhili wake hautakufaa.

Tuje kwako. Umejiita Mkweli. Mwalimu, wewe ndiye uliyedanganya kuliko Bwana Mtandao.

Usikasirike, ngoja nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Ukipima waya ukaona una mita kumi na mbili, kisha ukaandika mita nane kwa sababu waya ukiambiwa urefu wake utajivuna, hayo ni maadili? Huo ni uzembe wa kipimo, na mwanafunzi wako akifanya hivyo unamrudishia daftari. Wamarekani wamekuuliza urefu wa mtoto huyu. Jibu unalo, umeniandikia mimi nisiyemjua: hujakuta akili kama hiyo. Wao waliouliza umewaambia “mzuri”.

Na umeniudhi mahali ambapo wewe hukuona hata kosa. Binti aligundua kosa la kitabu. Ulipolitangazia darasa, ulimtaja nani? Kitabu! Aliyekosea akatajwa, aliyeona akaachwa. Halafu unashangaa kwamba hajui thamani yake. Angeijulia wapi? Umejifanya humwoni kwenye ngazi, naye amekuamini kwamba humwoni.

Unasema sifa humharibu mtoto. Sifa za bure ndizo zinazoharibu, hapo tuko pamoja. Lakini wewe karatasi yako ya “anaridhisha” ilitiwa fremu na baba yako, na hujaharibika, ila kwa ukaidi kidogo. Kwa baba yako neno lile lilikuwa sherehe. Kwa hao wa ng’ambo ni mlango unaofungwa taratibu. Ukimpa mgeni maji kwa kipimo chake, si lazima ubadili kisima.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya Ijumaa.

Ichane barua ya kwanza. Usiandike nyota wala mbingu, maana hujui kuandika hivyo na utajidhalilisha. Andika lile tukio la kitabu kama ulivyoniandikia, pamoja na maneno yake aliyoyasema, na usisahau kwamba ulikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Andika habari za ngazi. Maliza kwa sentensi moja iliyonyooka kwamba katika wote uliowafundisha hujapata wa kumzidi. Kwenye jedwali tia alama mahali panapolingana na sentensi hiyo. Ukiona mkono unasita, mwite mke wako aushike, nina hakika ana hamu ya kukusaidia.

Hilo ndilo jepesi. Lililo zito ni hili: barua hiyo binti hatadai kuisoma, umesema mwenyewe. Yaani watu ambao hawajui hata jina la mtaa wenu watajua kwamba mtoto huyu ni wa aina yake, na yeye atabaki na “si haba”. Haiwezekani. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla barua haijatumwa. Usimtume mke wako, usimtume mama yake, wala usiandike kwa chaki pembeni mwa ubao. Alikusikia ukimpunguza mbele ya walimu, basi mpandishe mbele ya darasa. Ukishamwambia, ndipo umuulize kama bado anataka kuomba, na jibu lake ulikubali.

Jambo la mwisho. Ufadhili kamili kwa mgeni ni wachache mno wanaoupata, hata walio bora. Hakikisha anaomba na chuo cha hapa nyumbani, na pia vyuo kadhaa vya huko, asikae kukitolea macho kimoja. Akikataliwa, asiwe na sababu ya kudhani kwamba ni wewe uliyemkataa.

Mshauri


Mshauri aliyenigombeza,

Nimefanya. Nilipanga kusema mwanzoni mwa kipindi, nikaahirisha mpaka katikati, na kengele ilipokaribia nikaweka chaki chini na kusema kwamba kosa la kitabu liligunduliwa na mwenzao huyu, na kwamba tangu nianze kufundisha sijapata mwanafunzi wa kumzidi.

Binti akainuka nusu, akanitazama vizuri.

“Mwalimu,” akasema, “unaumwa?”

Nikamwambia siumwi. Akauliza kama nimeambiwa na daktari niseme kweli na watu wote kabla ya jambo fulani. Nikamwambia akae chini, na kwa sauti ile wakatambua kwamba mimi ni mzima, ndipo wakaanza kupiga makofi, naye akauficha uso wake ndani ya daftari, mabega yakitikisika, nami kwa umri wangu sikuweza kujua kama anacheka au analia. Nilitoka nje kutazama hali ya hewa.

Aliniandama mpaka kwenye ngazi. Alisema anaomba, na insha ameianza upya, haina mto. Kisha akauliza, kwa adabu yake ileile, kama ninaweza kumsemea mwenzake mmoja anayekaa nyuma, ambaye naye ana akili ila hajaambiwa. Sikuwa nimemwona huyo. Kesho yake nilimwita mbele akafanya swali ubaoni, na ni kweli.

Barua ilitumwa Alhamisi. Safari hii Bwana Mtandao hakuisoma kwa sauti, na kwake hilo ni jambo kubwa, akanirudishia miwani yangu niliyoisahau mezani kwake. Ya chuo cha hapa nyumbani imekwenda pia. Majibu ya Marekani, naambiwa, hutoka muhula ukiwa umekwisha. Yakitoka nitakuandikia siku hiyohiyo, wakimchukua au wakimwacha, na nitakuandikia pia habari za yule wa nyuma, maana sasa naye anaomba.