Wadudu wa Chumba cha Uani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Temeke. Jumamosi, 14 Machi 1953, saa tatu asubuhi.

Jina: Mwanakombo binti Mwishehe. Umri: miaka 44 kwa kukisia. Kazi: kusuka mikeka. Makazi: Temeke, nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu.

Bwana Nikodemu ni karani wa bohari, mtu wa bara. Amepanga chumba changu cha uani tangu Oktoba. Hana mke. Kila akitoka kazini huja na matawi ya mpera, akajifungia nayo ndani. Mie nikawa namchunga.

Mnamo tarehe 2 Machi, saa kumi na moja jioni, nilimpelekea maji, nikakuta mlango wazi. Niliona makasha matatu yamefunikwa kitambaa cha chandarua. Ndani mlikuwa na vijiti vikavu. Kimoja kikatembea.

Bwana Nikodemu akacheka. "Ni wadudu tu, mama. Hawaumi. Nawalisha majani ya mpera, wanazaana." Akanionyesha mayai yao, kama mbegu za papai. Nikamwuliza dume ni yupi. Akasema, "Hakuna. Wote majike, wanataga wenyewe."

Nikaondoka bila kuaga.

Tarehe 9, mjukuu wangu Somoe, miaka minne, alishikwa homa, akatoka vipele mwili mzima. Siku hiyohiyo niliokota mayai mawili ya wadudu wale kizingitini kwangu. Nikamweleza Jabiri, mdogo wa marehemu mume wangu. Akasema, "Shemeji, huyo mchawi. Niachie mie."

Jana Ijumaa, saa kumi alasiri, Jabiri alikuja na wanaume sita. Walitoa makasha uani, wakayamwagia mafuta ya taa, wakawasha. Moto haujatulia, Bwana Nikodemu akaingia. Hakumtukana mtu. Alitia mikono yote miwili motoni akitafuta kasha la mayai, huku ananiita, "Mama, waambie! Si ulinisikia? Waambie!"

Mie nilinyamaza.

Jirani yangu Hamisa ndiye aliyemvuta na kummwagia maji. Akapelekwa hospitali. Ngozi ya viganja ilikuwa imebanduka.

Saa moja usiku Hamisa aliniambia watoto wake nao wana vipele vilevile, na mganga wa zahanati kasema ni surua, imeenea mtaa mzima. Watoto wa Hamisa hawajawahi kukanyaga uani kwangu.

Leo asubuhi Jabiri alikuja. Hakuuliza hali ya mtoto. Aliuliza kile chumba cha uani nitampa lini. Kisha akasema, "Polisi wakikuuliza, sema karani aliangusha taa yake mwenyewe."

Hakuna taa iliyoanguka. Na mlango haukuvunjwa. Ufunguo niliwapa mie, kwa mkono wangu huu.

Nimemaliza. Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo.

Alama ya dole gumba la shahidi: Mwanakombo binti Mwishehe

Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Ansbert Marselino, na kumsomea shahidi naye akakiri ni sahihi. Nilimwonya kuwa maneno ya ufunguo yanaweza kumtia hatiani. Alijibu, "Yaache." Jabiri alikuwa benchi la nje akimsubiri. Shahidi alimpita bila salamu, akaniuliza njia ya kwenda hospitali.