Mlango Usio na Kizingiti

Marahaba, mjukuu wangu Rehema. Sisi hatujambo, na kikohozi cha mama yako kimepoa.

Umeniuliza mbona mlango wetu hauna kizingiti. Uhuru ulipokuwa bado mpya, hapa Msambweni jirani yetu alikuwa na binti, Mwanasiti, asiyeweza kutembea. Alitambaa. Tukamfanyia harambee ya nyumba: huyu alileta boriti, yule makuti, sisi wasichana tukateka maji. Ikajengwa bila ngazi, sakafu laini.

Siku ya dua ya kuifungua nyumba, pilau tayari, Mwanasiti akatambaa hadi mlangoni, akakwama. Fundi alikuwa ameweka kizingiti kirefu cha mbao, kama milango yetu yote. Tulikuwa tukikivuka kila siku, wala hakuna aliyekiona.

Akakigusa. "Hiki ni cha nini?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni kuzuia maji ya mvua, mwingine nyoka.

"Wallahi mimi nilifundishwa hivyo tu," fundi akasema, akaenda kuleta msumeno.

Mwanasiti akaingia, akatoka, akaingia tena. Kisha akamwuliza baba yangu, "Na kwenu, ami, nitaingiaje?"

 Baba akamshika fundi mkono, wakaja huku kwetu na msumeno.

Pilau siku hiyo tuliila imepoa.

Bibi yako