Jogoo Wetu Redioni

Baba Mercy,

Nimekwenda Ipinda mashineni kukoboa mpunga. Kakao niliyoianika igeuze, na mvua ikitisha iingize ndani. ~~Chakula jipikie.~~ Wali uko kwenye sufuria, nimeufunika.

Asubuhi kwenye redio mwanaume mmoja alikataa kutaja jina, akaomba ushauri: mkewe kanuna tangu jana kwa sababu alimwambia wali wake haunukii. Nikasema, kumbe tuko wengi! Mara jogoo wetu akawika redioni na nyuma ya nyumba kwa pamoja. Ndiyo maana ulijificha kwenye banda la kuku na simu!

Mtangazaji alikushauri uninunulie kitenge. Mimi nilishakusamehe jogoo alipowika, ila ushauri wa mtu usiudharau.

Ndaga, asante,
Mama Mercy