Picha Niliyoipiga Malishoni Kwenu

Arusha, Juni 1912

Shemeji yangu Lesikar, huko uwandani,

Dada yako Naipanoi hajambo. Mimi siinuki tena kitandani, kwa hiyo nikuambie nilichokuficha.

Siku ile nilipopiga picha ya Meru, niliwaomba mzime moto na kuondoa ng'ombe ili mlima utoke safi. Ukacheka, “Shemeji, mlima wako unaogopa ng'ombe?” Lakini mliondoka.

Maisha yangu yote nimepiga picha za milima, na hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Niliwaonyesha Wajerumani kwa majivuno. Mpima ardhi akaibandika kwenye taarifa yake, akaandika kwamba hapo hapakai mtu. Ndipo mkafukuzwa.

Nilipokuwa bado natembea, nilikwenda ofisini mara tatu kusema mlikuwepo. Kila mara walinionyesha picha yangu.

Shemeji yako,
Jamaldini