Bustani ya Gavana

Chiola, Nachingwea
12 Agosti 1982

Kaka Sultani,

Sisi wazima, ila ladha ya sukari tumeisahau. Mikorosho imeanza kutoa maua. Mguu wa mama bado unamsumbua, lakini wiki iliyopita akina mama wa tawi tulipokwenda mjini kutembelea ile nyumba ya Gavana, ambayo sasa ni makumbusho, alikataa kubaki.

Kitanda cha Gavana hata hakukitazama. Alitoka peke yake, nikamkuta bustanini amevua viatu, amekaa chini kando ya mawaridi.

"Mama, inuka, hapa hapakaliwi."

"Nyumba yangu ilikuwa hapa," akanijibu, "kabla matingatinga hayajaja."

Kisha akasema jambo ambalo hajapata kulisema. Kabla yako alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakulia. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba jioni ileile, na mama akakatazwa kumtaja. Kumbe wewe, kaka, si kifunguamimba wake.

Mara akaja mtunza bustani na ndoo. Nikajua anatufukuza. Mama akamuuliza, "Unamwagilia hapa kila siku?"

"Kila siku, mama. Hata kiangazi."

Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akamshukuru tena, mpaka yule bwana akaona haya. Alidhani anasifiwa maua.

Njoo Idi hii. Anataka wewe ndiye umpeleke tena.

Mdogo wako,
Stumai