Umefika Kabla Hujarudi

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi. Baba yako hajambo, ni mgongo tu. Bibi yako anakuombea. Dada yako anataka umletee kofia kama za rafiki zako. Mimi nipo, namshukuru Mungu.

Picha yenu iliingia jana kwenye simu ya dada yako: nyote wanne juu ya daraja, mabegi mgongoni. Umesema Jumamosi mtaruka kutoka hapo darajani, mmefungwa miguu kwa ile kamba ya mpira, hadi karibu na mto. Tangu hapo hupatikani, ndiyo maana nampa dereva wa basi la huko barua hii.

Mwanangu, wewe uko hapa tangu juzi. Uliingia umelowa chapachapa, na huku mvua hakuna. Kwa furaha nikasahau, nikakutilia sukari kwenye chai. Wewe usiyeionja tangu utoto, ukaimaliza yote. Begi hujalivua mpaka leo. Dada yako akakutania, "Kwani umeshonewa?" Hukucheka.

Bibi amehamia kwa jirani.

Usiruke, baba, nakusihi. Na unijibu upesi, maana huyu aliye chumbani kwako ananiuliza namwandikia nani.

Mama yako